Hesabu ya nyuzi isiyofunga: udi, gita na fidla mbele ya kinanda

Chukua udi wa Kiarabu, uutyuni kwa sikio tupu, jozi kwa jozi, kwa mpangilio ambao wengi huutumia: C, F, A, D, G, C, kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba. Kutoka C hadi F iwe ya nne safi, yaani umbali wa noti nne ukihesabu C, D, E, F. F hadi A iwe ya tatu kubwa safi. Halafu A hadi D, D hadi G na G hadi C zote ziwe ya nne safi. Usiruhusu mtikisiko popote, yaani ule wau-wau wa sauti mbili zinazokaribiana bila kulingana. Ukishamaliza, piga C ya chini kabisa pamoja na C ya juu kabisa, ambazo zinatakiwa ziwe noti ileile zikiachana kwa oktava mbili. Hazitakubaliana. Utasikia wau, wau, wau, kama mara tatu kwa sekunde, na ile C ya juu itakuwa imelala chini ya mahali pake.

Wengi wakifika hapo hulaumu udi, au fundi aliyeutengeneza, au nyuzi za bei rahisi. Udi hauna kosa, na masikio yako hayana kosa. Hesabu yenyewe ndiyo haifungi, na haitafunga hata ukinunua udi wa bei gani.

Itazame. Ya nne safi ni uwiano wa 4 kwa 3, yaani uzi wa juu unatikisika mara 4 wakati wa chini umetikisika mara 3. Ya tatu kubwa safi ni 5 kwa 4. Udi wetu una ya nne mara nne na ya tatu mara moja. Zidisha 4/3 mara nne mfululizo, kisha zidisha kwa 5/4: unapata 3.95. Oktava mbili ni 4 kamili. Kama C ya chini ni 65.41 Hz (uzi unatikisika mara 65.41 kwa sekunde), C ya juu ilitakiwa kuwa 261.63 Hz, lakini kwa njia hii inatua kwenye 258.4. Hizo Hz 3 na kidogo zinazopungua ndizo wau-wau uliyoisikia.

Wapimaji wa sauti huigawa oktava kwa senti 1200, na kila nusu toni ya kinanda ni senti 100. Kwa kipimo hicho ya nne safi ni 498, ya tano safi 702 na ya tatu kubwa safi 386. Pungufu letu la udi ni senti 21 na nusu, kama moja ya tano ya nusu toni. Sikio lolote lililozoea muziki hulisikia.

Gita lina ugonjwa huohuo. E, A, D, G, B, E: ya nne mara nne na ya tatu mara moja, kati ya G na B. Ndiyo maana mpiga gita anayetyuni kwa sikio hupata kodi ya G (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tamu, akahamia kodi ya E akakunja uso, akakaza uzi wa B, akarudi kwenye G akakuta imeharibika. Ni shuka fupi: ukijifunika kichwa, miguu inabaki nje.

Hata ukiiacha ya tatu kando ukapanda kwa ya tano peke yake, mambo ni hayohayo. Panda ya tano safi, uwiano wa 3 kwa 2, mara 12 kutoka C na unatarajia kuangukia C nyingine, oktava 7 juu. Unaipita kwa senti 23 na nusu. Namba 3 ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe, kamwe hazizai matokeo ya 2 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, na habari inaishia hapo. Kila mgawo wa sauti duniani ni uamuzi wa nani atabeba hilo baki.

Kinanda kimeamua kugawa baki kwa kila mtu. Oktava inakatwa vipande 12 vilivyo sawa sawa, kila noti ikiizidi ya chini yake kwa mara 1.0595. Ya nne inakuwa senti 500 na ya tano 700, yaani zinakosea kwa senti 2 tu na ni watu wachache watakaozishtukia. Mzigo mkubwa anabebeshwa ya tatu kubwa: imepelekwa 400 badala ya 386. Sisi sote tumelelewa na redio na vinanda, kwa hiyo tumeizoea, lakini ikae karibu na sauti za watu wanaoimba bila ala utaona jinsi ilivyo kali.

Kwenye udi nasema hivi: usiibembeleze ya tatu ya F na A. Udi haupigwi kodi za kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja, hivyo F na A hazikutani kwa namna ya kuumiza. Oktava na ya nne ndizo zinazosikika kila wakati, kwa sababu mpigaji hugonga uzi mnene ulio wazi huku mahadhi yakiendelea juu. Basi baki lote lisukumwe kwenye F na A, hapo halimsumbui mtu.

Namna ya kufanya ni hii. Anza na C ya juu kutoka kwenye ala iliyo thabiti, au tyuna ya simu, ile programu ya kupimia noti. Shuka ya nne safi hadi G, shuka tena hadi D, shuka tena hadi A. Kisha ruka: C ya chini kabisa itokane na C ya juu, oktava mbili, isitokane na jirani yake. Halafu F itokane na C, si na A. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa mkono uko kwenye A na F ndiyo inayofuata, wanaisikiliza F dhidi ya A mpaka itulie, na hapo baki linarudi kuwauma mahali pengine. Ukitoa F kwenye C, umbali wa F hadi A utakuwa senti 408, mkali kidogo ukizipiga pamoja, na ni sawa. Uache hivyo.

Jozi nazo zina utaratibu wake. Ziba uzi mmoja wa jozi kwa kidole, utyuni wa pili, kisha uachie wa kwanza uufuate mwenzake. Ukijaribu kutyuni nyuzi mbili zinazolia pamoja dhidi ya jozi nyingine, unasikiliza mitikisiko mitatu kwa wakati mmoja na hutajua upi ni upi. Piga kwa risha (kipande cha kupigia nyuzi) kwa nguvu ileile utakayopigia kwenye wimbo. Uzi ukipigwa kwa nguvu huanza juu kidogo kisha hushuka na kutulia, na mwenye kutyuni kwa kidole laini halafu akapiga kwa nguvu harusini atashangaa kwa nini udi umepanda. Kigingi kila mara kimalizie kwa kukaza. Umepitiliza juu? Legeza hadi chini ya noti, kisha panda upya. Uzi uliolegezwa tu ukaachwa hapo huwa na ulegevu uliojificha kwenye kizingiti cha shingoni, pale nyuzi zinapopita kuelekea vigingi, na utashuka kidogo mara mpigo wa kwanza mzito ukija.

Tyuna ya simu hukosea zaidi kwenye C ya chini. Maikrofoni ndogo ya simu haiipati vizuri sauti ya 65 Hz, inashika sauti za juu zilizomo ndani ya uzi na sindano inarukaruka, mara C, mara G. Gusa uzi huo kwa kidole katikati kabisa, sentimita 30 na nusu kutoka kizingiti kama uzi una urefu wa sentimita 61, upige na uachie kidole. Utapata C ya oktava ya juu, 130.8 Hz, na simu itaielewa.

Je, udi uliotyuniwa kwa ya nne safi utapatana na kinanda? Tupige hesabu kutoka C. G itakuwa juu ya G ya kinanda kwa senti 2, D kwa 4, A kwa 6, na F itakuwa chini kwa 2. A ndiyo mbaya kuliko zote, na hata hiyo, kwenye uzi wa 110 Hz, ni mtikisiko mmoja kila baada ya sekunde mbili na nusu au zaidi. Senti 6 hazimtoi mtu ukumbini. Kama mpiga kinanda anapenda kushikilia kodi ndefu zenye A ndani yake, ishushe A yako kidogo hadi ikubaliane na yake, na umemaliza.

Senti 50 ndizo zinazomtoa mtu ukumbini

Ugomvi wa kweli wa udi na kinanda uko kwenye maqam, yaani mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati. Rast ikianzia C, noti yake ya tatu si E ya kinanda wala E bemoli, iliyo nusu toni chini ya E. Iko kati yao. Bayati ikianzia D, noti yake ya pili ni ileile ya kati kwa jina, ingawa wapigaji wazuri huishusha kidogo kwenye Bayati na kuipandisha kwenye Rast. Udi na fidla, kwa kuwa hazina freti (vipande vya chuma vinavyogawa shingo), huifikia bila taabu. Kinanda cha kawaida hakina kitufe chake, na anayejaribu kukwepa kwa kubonyeza E wakati muimbaji yuko kwenye ile ya kati anaachana naye kwa karibu nusu ya nusu toni. Hapo hata bibi aliyekaa nyuma akitafuna tambuu atajua.

Kwa vidole, mambo yako hivi kwenye uzi wa C wenye urefu wa sentimita 61. Kutoka kizingiti hadi E bemoli ni sentimita 9.7. Hadi E ya kinanda ni 12.6. Ile ya kati, tukiiweka senti 350 kamili, iko kwenye 11.2. Mpiga udi wa Baghdad wa karne ya 8, Mansur Zalzal, amebaki kwenye vitabu kwa sababu ya kidole hiki: al-Farabi aliandika kipimo cha ya tatu inayobeba jina lake kuwa 27 kwa 22, ambayo ni senti 354 na nusu, na kwenye uzi wetu ni sentimita 11.3. Tofauti ya Zalzal na senti 350 ni milimita moja na kitu, ndogo kuliko upana wa ncha ya kidole. Kidole chenyewe kikibonyeza kinaukaza uzi kidogo, hivyo kiweke nywele moja nyuma ya alama. Usitie vibandiko vya kudumu shingoni. Vitakufundisha mahali pamoja tu, na Rast na Bayati haziombi mahali pamoja.

Waarabu wenyewe hawakulimaliza suala hili. Mwaka 1932 wanamuziki wa nchi zao na wataalamu wa Ulaya walikutana Cairo, na moja ya hoja mezani ilikuwa kama oktava igawanywe vipande 24 vilivyo sawa, robo toni kwa robo toni. Hawakuafikiana. Robo toni zilizo sawa ni rahisi kuziandika na kuziweka kwenye mashine, lakini hakuna muimbaji anayeimba hivyo.

Tyuna ya simu nayo inajua noti 12 tu. Ukipiga ile ya kati itakuonyesha E iliyoshuka kwa 50, kisha ghafla E bemoli iliyopanda kwa 50, ikirukaruka kati ya hizo mbili. Huo ndio ushahidi kwamba uko mahali pake. Ukiona imetulia kwenye E kwa kijani kibichi, kidole kimeenda mbali.

Kinanda kinaweza kusaidiwa. Vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu, na vingi vingine vya siku hizi, vina ukurasa wa kurekebisha kila noti peke yake kwa senti. Kwa Rast ya C shusha E na B kwa 50 kila moja, halafu msikilize muimbaji: akiwa anapanda zaidi ya hapo, weka 45. Kwa Bayati ya D shusha E kwa 50. Kuna mitego miwili. Wa kwanza, ukishashusha E, kodi ya C imekufa, kwa hiyo zima ule muziki wa kujipiga wenyewe, au mkono wa kushoto upige noti ya msingi na ya tano tu. Wa pili ni kitufe cha kupandisha au kushusha skeli ili kumfuata muimbaji. Kwenye vinanda vingine marekebisho yako yanahama pamoja na skeli, kwenye vingine yanabaki kwenye kitufe kilekile cha E, na sasa noti iliyoshuka si ile uliyoikusudia. Ijaribu nyumbani kabla ya kuijaribu mbele ya maharusi.

Kwa nyimbo za Mombasa si kila mara utahitaji yote haya. Sehemu kubwa ya taarab yetu ilichota mahadhi kutoka nyimbo za filamu za Kihindi, na Juma Bhalo alisifika kwa mtindo huo. Nyingi kati ya nyimbo hizo zinakaa vizuri kwenye noti 12 za kinanda. Ndiyo sababu nionavyo mimi taishokoto ilipata makazi hapa bila shida: ni ala ya Kijapani, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912, yenye vitufe kama vya taipureta vinavyobana nyuzi kwenye freti za chuma, na freti hizo hazisogei. Haina noti ya kati hata ukiibembeleza, isipokuwa ubonyeze kwa nguvu kupita kiasi, na hapo inapanda ovyo bila kufika popote. Ukishika nyimbo za udi za mkondo wa Zein l'Abdin, zilizoshikamana na maqam, taishokoto haina budi kukaa kimya kwenye baadhi ya noti. Kukaa kimya kwa noti moja ni ufundi pia, ingawa si wapigaji wengi wanaoukubali.

Gita

Njia inayofundishwa na kila mtu ni ya harmoniki: gusa bila kubonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 5, uzi wa tano kwenye freti ya 7, zote zitoe E, uondoe mtikisiko. Kisha wa tano na wa nne, kisha wa nne na wa tatu. Inavutia kwa sababu mikono iko huru kugeuza funguo huku nyuzi zikilia. Lakini kila hatua hapo ni ya nne safi ya senti 498, wakati freti zako zimekatwa kwa 500. Ukifika uzi wa G umeshapoteza senti 6. Halafu B unaitoa kwenye harmoniki ya freti ya 7 ya uzi wa sita, ambayo iko juu kwa senti 2. Sasa kati ya G na B pana senti 408, ilhali freti zinatarajia 400. Kodi ya G ikipigwa nyuzi zikiwa wazi, inatikisika mara 12 kwa sekunde badala ya karibu mara 8. Hiyo ndiyo kodi inayomfanya mtu aseme gita lake ni bovu.

Fanya hivi badala yake. Tyuni uzi wa tano, A, kwenye 110 Hz, kisha nyuzi zote nyingine zilinganishwe na huo mmoja. Uzi wa sita ubonyeze freti ya 5, uwe sawa na wa tano ulio wazi. Uzi wa nne ubonyeze freti ya 7, uwe sawa na harmoniki ya freti ya 12 ya uzi wa tano. Uzi wa tatu freti ya 2, na harmoniki hiyohiyo. Uzi wa pili freti ya 10, dhidi ya harmoniki ya freti ya 5 ya uzi wa tano. Uzi wa kwanza freti ya 5, na hiyohiyo tena. Kila uzi umepitia freti, kwa hiyo umefuata mgawo wa gita lenyewe, na kosa la uzi mmoja halirithiwi na mwingine.

Ikiwa nyuzi wazi ziko sawa lakini juu ya freti ya 7 kila kitu kinapanda, usiguse funguo. Piga harmoniki ya freti ya 12, kisha ubonyeze freti hiyohiyo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, uzi ni mfupi mno: kwenye gita la umeme sogeza kipande kinachobeba uzi huo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kabla ya kufanya hivyo weka nyuzi mpya, kwa maana uzi uliokula kutu na jasho una uzito usiolingana mahali pote na hautakubaliana na freti yoyote.

Fidla

Mpiga fidla hutyuni ya tano safi kuanzia A ya 440, na G yake inaishia 195.56 Hz wakati G ya kinanda ni 196. Senti 4 hizo zinasikika tu kwenye nyuzi wazi. Kama kinanda kinashikilia kodi chini yake, abane ya tano kidogo: D na A zitikisike polepole, mara moja kwa sekunde, na G na D polepole zaidi ya hapo. E nayo iwe 659.3 badala ya 660. Wapiga fidla wengi wa Kiarabu hutyuni G, D, G, D badala ya G, D, A, E, na kwa maqam zinazokaa kwenye D au G ni raha tupu, kwani nyuzi wazi zinaitikia zenyewe. Ila uzi wa E ukiushusha hadi D unalegea kwa toni nzima na huwa mlegevu chini ya upinde, kwa hiyo tafuta uzi mnene kidogo.

Hewa ya pwani

Mombasa haitaki mtu atyuni mara moja akasahau. Uso wa mbao wa udi au gita hunywa unyevu, unavimba na kuinuka, na nyuzi zinakazika. Kibangala, ala ya nyuzi ya jamii ya udi, kina uso wa ngozi, nacho hufanya kinyume: ngozi inalegea, kibao kinachobeba nyuzi kinazama, sauti inashuka na kufifia. Basi udi na kibangala vikikaa pamoja kwenye baraza la Mji wa Kale usiku wa masika, kimoja kinapanda kingine kinashuka, na kila mpigaji anaapa kuwa mwenzake ndiye aliyeharibu. Wapiga dumbak wanaotumia ngozi ya mnyama wanalijua hili vizuri, ndiyo maana huipasha ngozi joto kwenye moto au taa ya joto.

Kutoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda uani ni shida nyingine. Ndani hewa ni kavu, vigingi vya mbao vinasinyaa na kuteleza, nje vinavimba na kugoma. Kigingi kinachoteleza kitoe, kipake chaki mahali kinapogusana na tundu, ukirudishe kwa kukisukuma ndani huku ukikizungusha. Kinachogoma kipake sabuni kavu ya kipande. Kinachoteleza kisha kinaruka kwa vishindo kinataka vyote viwili, sabuni kwanza kisha chaki kidogo. Usitie mafuta, hakitashika tena. Na uzi ukitoa sauti ya "tik" unapokaza kisha noti ikaruka, tatizo liko kwenye mfereji wa kizingiti: sugua ncha ya penseli humo.

Nyuzi za chuma hushuka zikipata joto, kwa hiyo gita chini ya taa za jukwaa litaporomoka ndani ya wimbo wa kwanza. Iweke ala mahali itakapopigiwa kwa muda kabla ya kutyuni, kifuniko kikiwa wazi. Nyuzi mpya zivute kwa vidole, kila uzi katikati, utyuni, uvute tena, mpaka ukivuta usishuke. Na hewa ya chumvi inakula chuma upesi, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga.

Kama kuna akodioni kwenye kikundi, itangulie kinanda kwenye mpangilio wa nani anamfuata nani, kwa sababu haibadilishwi sauti bila fundi kuchonga ndimi zake. Nyingi za Ulaya zimewekwa kwenye A ya 442, senti 8 juu ya 440 ya simu yako. Zaidi ya hapo, zile zenye sauti ya kutetemeka zina ndimi mbili kwa kila noti, moja imepandishwa makusudi, na tyuna itakuonyesha sindano inayoyumba. Zima rejista ya pili, ubaki na ulimi mmoja, upime A hiyo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kinanda na simu, ubadilishe 440 iwe namba uliyoisoma, na kila mtu atyuni kutoka hapo.